Uzi: Umehamia kwenye nyumba yako. Vifaa gani vya mkono ununue kwanza, na vya ukubwa gani?

#1 Fundi wa Goba

Salaam wakuu,

Swali la "nimehamia kwangu, ninunue vifaa gani" linarudi humu kila mara, na majibu huwa majina matupu: nyundo, bisibisi, spana. Ukubwa hautajwi. Mtu anashuka Kariakoo, anarudi na sanduku la plastiki lenye vipande mia, na siku nati ya sinki inapolegea hakuna hata kipande kimoja kinachoishika.

Naanzisha uzi huu kwa nyumba ya kawaida ya kwetu: tofali za saruji za inchi 5 au 6, plasta, paa la bati juu ya mbao, milango ya mbao, tenki la plastiki juu ya stendi, mabomba ya nusu inchi na robo tatu, umeme wa volti 230. Wenye ujuzi wa nyumba za aina nyingine waongeze hapo chini.

Kabla ya kununua chochote isipokuwa tepu, zunguka nyumba yako na daftari. Chungulia chini ya sinki upime nati ya ule mpira mfupi uliosukwa waya. Angalia vichwa vya skrubu za vitasa, bawaba na soketi. Tafuta koki kuu ya kufunga maji iko wapi na kama inageuka. Panda uone bati limepigwa misumari au skrubu. Kazi hiyo ni ya nusu saa, na ukiimaliza utakuwa na orodha ya vipimo vya nyumba yako mwenyewe.

Mimi ningeanza na hivi:

Tepu ya mita 5, upana mm 19 au 25, yenye mm upande mmoja na inchi upande wa pili. Mafundi wetu husema kwa futi na inchi, lakini vigae na mabomba ya plastiki vinauzwa kwa mm, kwa hiyo utahitaji zote mbili. Ile ndoano ya mbele inacheza kidogo na wengi hudhani ni ubovu, wanaigonga ikaze. Iache. Inacheza kiasi cha unene wake wenyewe, ili ukipima kwa kuivuta nje au kwa kuisukuma ndani ya kona upate kipimo kilekile.

Spana malaya mbili: inchi 8 na inchi 10. Nati ya mpira wa sinki wa nusu inchi huwa karibu mm 24, na spana ya inchi 8 ya kawaida hufunguka hadi mm 24 au 25, yaani inafika mwisho wake palepale. Ya inchi 10 hufika mm 28 hadi 30 na inashika vizuri. Mbili ni lazima, kwa sababu moja inazuia koki isizunguke huku nyingine inafungua nati. Ukitumia moja tu, koki nzima inazunguka na kupasua kigae au kukata mpira. Nati za robo tatu ziko karibu mm 30, hapo utahitaji ya inchi 12, lakini hiyo inaweza kusubiri.

Nyundo ya kucha ya gramu 450. Nyepesi kuliko hapo itakuchosha kwenye misumari ya inchi 4, na nzito zaidi itakukunjia misumari midogo.

Bisibisi nne nzuri, plaizi moja, msumeno wa chuma, pimamaji ya sm 60, tupa, na kipima umeme. Nitaachia wengine waingie ndani ya kila kimoja.

#2 MamaWatatu_Kibaha

Asante mkuu. Na hizi seti za sanduku je? Bei yake inavutia kuliko kununua kimoja kimoja.

#3 Fundi wa Goba

Dada, fungua sanduku uhesabu. Ukitoa zile ncha ndogo za bisibisi na soketi za kufungulia baiskeli, vinabaki vifaa sita au saba, na mara nyingi ni vya chuma laini. Maandishi ya "chrome vanadium" yasikupe imani, yanagongwa hata juu ya bati. Jaribu hivi papo hapo dukani:

Spana malaya: ifungue nusu, shika taya linalotembea ulisukume juu na chini. Likicheza sana, litateleza na kumenya kona za nati.

Plaizi: ifunge uielekeze kwenye mwanga. Sehemu ya kukatia isionyeshe mwanya. Kisha kata karatasi nayo. Ikikunja karatasi badala ya kuikata, waya nayo itaisumbua.

Bisibisi: ukiwa na tupa ndogo mfukoni, muombe muuzaji ruhusa uiguse ncha. Chuma kigumu kinafanya tupa iteleze, chuma laini kinaliwa mara moja. Hii ya chuma laini, skrubu tano ngumu tu zitamaliza kona za ncha yake.

Nyundo: tazama juu ya kichwa, pale mpini unapotokeza. Lazima kuwe na kabari, ya mti au ya chuma. Isipokuwepo, kichwa kitachomoka. Na kichwa kikilegea usiloweke nyundo majini kama wengi wanavyofanya. Mti unavimba kwa siku mbili, ukikauka unasinyaa na kulegea kuliko mwanzo. Gonga kabari mpya.

#4 Nyota Nne

Niongeze kwenye bisibisi, maana hapa ndipo skrubu nyingi zinapoharibiwa.

Tunaita zote "nyota", lakini nyota ziko mbili. Moja ina msalaba mtupu, ncha yake imeandikwa PH. Nyingine ina msalaba na mistari minne myembamba katikati ya pembe, ncha yake imeandikwa PZ. Skrubu nyeusi za jipsamu ni PH2. Skrubu nyingi za njano za mbao, pamoja na za bawaba na makabati, ni PZ2. Ukitia PH2 kwenye kichwa cha PZ inaingia na inaonekana imekaa, ila ukikaza inapanda na kutoka, na kila inapotoka inakula ukingo. Baada ya mara tatu kichwa kimekuwa shimo la duara.

Kwa hiyo zile nne ni: PH2, PZ2, bapa ya mm 5 au 6 kwa kazi za kawaida, na bapa nyembamba ya mm 3 hadi 4 kwa skrubu za ndani ya soketi na swichi. Hiyo ya mwisho iwe na shina lililofunikwa plastiki hadi karibu na ncha.

Skrubu ikianza kuteleza, acha papo hapo. Weka kipande cha mpira wa tairi la baiskeli juu ya kichwa, gandamiza bisibisi kwa uzito wa mwili, geuza polepole. Ikigoma, gonga mpini wa bisibisi mara mbili kwa nyundo ili kutu iachie, kisha jaribu tena. Bisibisi ya kugongwa iwe ile ambayo shina lake linapita ndani ya mpini hadi mwisho. Mpini wa plastiki tupu utapasuka.

#5 Kisauni Mkongwe

Mada nzuri. Kutoka Mombasa: tafadhalini zungumzeni kuhusu tester. Watu wengi huku wanaamini kile kitaa kidogo cha bisibisi kana kwamba ni kauli ya mwisho, na stima haina msamaha.

#6 Volti230

Ndugu yangu umegusa penyewe. Testa ya bisibisi inawaka kwa sababu umeme mdogo sana unapita kwenye kizuizi kilichomo ndani, kisha kwenye mwili wako hadi ardhini. Ukiwa umevaa viatu vikavu vya mpira juu ya ngazi ya mbao, njia hiyo inakuwa dhaifu na taa inaweza isiwake ilhali waya una moto. Upande wa pili, waya usiounganishwa popote lakini umelala sambamba na waya wenye moto unaweza kuiwasha hafifu. Na testa ikiingia maji, kizuizi hakikulindi tena. Itumie kukuonya tu, usiifanye ushahidi kwamba umeme haupo.

Nunua multimita ya kawaida. Waya mweusi kwenye tundu la COM, mwekundu kwenye tundu lenye alama ya V na Ω. Kamwe usiuache kwenye tundu la 10A. Ukigusa soketi ukiwa umeacha hapo, umeunganisha moto na nyutro moja kwa moja, na kifaa kinaweza kulipuka mkononi. Geuza kitufe kwenye V yenye alama ya wimbi, kipimo cha juu, 600 au 750.

Utaratibu ni huu na haurukwi. Pima kwanza soketi unayojua ina umeme, uone namba iliyo karibu na 230. Zima sakiti breka. Pima pale unapotaka kufanya kazi: moto na nyutro, moto na ardhi, nyutro na ardhi. Rudi upime tena ile soketi ya kwanza yenye umeme, ili uwe na hakika multimita haijafa katikati. Ndipo ushike bisibisi.

Rangi za waya: nyumba za zamani zina mwekundu kwa moto na mweusi kwa nyutro, za sasa zina kahawia kwa moto na bluu kwa nyutro, na kijani chenye mstari wa njano ni ardhi. Ziangalie, lakini pima. Swichi ya taa mara nyingi ina waya mbili na zote mbili ni njia ya moto, hata kama mmoja ni wa bluu.

Kuhusu plaizi: mpira mwekundu kwenye mpini si kinga. Kinga ya kweli ina alama ya pembetatu mbili na maandishi 1000 V yaliyochorwa kwenye mpini wenyewe. Na mpini ukichanika, hata kama ni wa 1000 V, hiyo plaizi sasa ni ya kukatia waya wa kufungia.

Mwenye nyumba anaweza kubadilisha taa, kukaza soketi iliyolegea, kubadilisha fyuzi ya plagi kwa ukubwa uleule, 3A kwa 3A, 13A kwa 13A, bila kuweka waya mahali pa fyuzi. Kutandaza waya mpya, kugusa meni swichi au chochote kati ya mita ya LUKU na meni swichi ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati. Kumbuka ukizima meni swichi, waya unaoingia kwenye meni swichi yenyewe bado una moto.

#7 Jirani Mpya

Wakuu, drili je? Ni lazima? Na kwa nini rafu nyingi huanguka na plagi zake, vile vipande vya plastiki vinavyoshika skrubu, zikatoka ukutani nzima nzima?

#8 Fundi wa Goba

Drili inayogonga, ya wati 500 hadi 700, ni nzuri kuwa nayo, ila kwa matundu kumi ya pazia na rafu azima au kodi. Pesa hiyo iweke kwenye spana nzuri.

Plagi kutoka nzima kuna sababu tatu, na mara nyingi zinakutana zote.

Ya kwanza ni plasta. Plasta yetu ina unene wa mm 12 hadi 15. Plagi ya mm 6 ina urefu wa karibu mm 30, maana yake nusu yake imelala kwenye plasta, na plasta haina nguvu ya kubeba. Kwa rafu tumia plagi ya mm 8 yenye urefu wa mm 40, na uisukume ipite plasta, ikae yote ndani ya tofali. Kupata urefu wa skrubu jumlisha: mbao ya rafu mm 18, plasta mm 15, plagi mm 40, na unene wa skrubu yenyewe mm 5 ili itokeze nyuma ya plagi. Jumla mm 78, kwa hiyo chukua ya mm 80. Ya mm 50 itaishia kabla ya katikati ya plagi na haitaitanua vizuri.

Ya pili ni tofali lenyewe. Tofali lenye saruji kidogo ukilitoboa kwa kugonga linameguka ndani, na biti ya mm 8 inakuachia tundu la mm 10. Zima kugonga, toboa kwa kuzungusha tu, na anza na biti ya mm 7 kwa plagi ya mm 8. Ikiwa ni nguzo au lenta ya zege, hapo washa kugonga, vinginevyo utachoma biti.

Ya tatu ni vumbi. Tundu likiwa na vumbi plagi haifiki mwisho na haishiki kuta. Funga utepe kwenye biti kuonyesha kina: jumlisha plasta na urefu wa plagi, ongeza mm 10, kisha pulizia tundu kwa pampu ya baiskeli.

Usitoboe juu wala chini ya swichi na soketi katika mstari ulionyooka. Mipira ya waya kwa kawaida inapanda hapo wima hadi dari. Acha sm 15 kila upande.

#9 Boriti_Unguja

Assalaam alaykum. Hayo ya plagi yachukuliwe kwa nyumba za tofali. Mwenye nyumba ya Mji Mkongwe, yenye kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, akifuata hivyo atajiharibia.

Ukuta wa kwetu una unene wa sm 50 au 60, nje lipu ya chokaa, ndani mawe yasiyo na umbo moja yaliyokamatwa kwa udongo na chokaa. Ukitoboa unaweza kuangukia jiwe au kuangukia chokaa laini, hujui. Toboa kwa biti ya mm 5 bila kugonga, sikiliza na tazama vumbi: jiwe linatoa vumbi jeupe kavu na biti inakwenda taratibu, chokaa inatoa unga wenye rangi ya mchanga na biti inazama ghafla. Ikizama, ziba, sogea sm 5, jaribu tena. Ukipata jiwe, tumia plagi ya mm 8 au 10 yenye urefu wa mm 80. Kwa mzigo mzito kama kabati la ukutani, ni salama zaidi kuusimamisha juu ya miguu na ukuta ukashika tu lisipinduke.

Vifaa vya ziada kwa nyumba hizi ni nyundo ya gramu 300, tindo nyembamba, mwiko mdogo, brashi ya kulowesha, ndoo na miwani ya kufunika macho. Lipu ikibanduka usizibe kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko ukuta na haipitishi unyevu. Maji yanayopanda kutoka msingini yanakwama nyuma yake, chumvi inajikusanya, na baada ya masika mbili kipande kinaanguka na kuondoka na jiwe. Gonga sehemu iliyolegea hadi ufike pagumu, futa vumbi, lowesha vizuri, kanda chokaa iliyozimwa sehemu 1 kwa mchanga safi sehemu 3, paka kwa unene usiozidi mm 10 kwa tabaka, na iloweshe kwa siku kadhaa isikauke haraka kwa jua. Chokaa mbichi inaunguza. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi kwa dakika 20 na uende hospitali hapohapo.

Na bisibisi bapa ya zamani ina kazi nyingine: kila mwaka dunga vichwa vya boriti pale vinapoingia ukutani. Ikizama kirahisi, boriti imeoza au ina mchwa, na hapo aitwe fundi kabla ya kitu kingine chochote. Mji ule uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, kwa hiyo kazi inayobadili sura ya jengo inahitaji kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Kuziba lipu kwa chokaa ni kuitunza nyumba, kuitia saruji ni kuiua polepole, na inauma kuona.

#10 MamaWatatu_Kibaha

Nashukuru sana Boriti. Turudi kwenye maji: koki inadondosha, nimekaza hadi mkono unauma, bado.

#11 Washa Nusu

Usikaze, dada. Kukaza kunakata mpira zaidi na kunachimba kiti cha shaba kilicho chini yake. Tambua kwanza ni koki gani. Ikizunguka mara kadhaa hadi kufunga, ina washa ya mpira. Ikigeuka robo tu na kufunga, ina vigae viwili vidogo ndani na haina washa, unabadilisha moyo wake wote.

Ya washa: funga koki kuu, fungua koki mbovu maji yaishe, ziba tundu la sinki kwa kitambaa ili skrubu isipotelee humo. Toa kifuniko, toa skrubu ya mpini, vuta mpini. Shika mwili wa koki kwa spana ya inchi 10 iliyofungwa kitambaa, na kwa ya inchi 8 fungua ile nati kubwa ya chini. Vuta uelekee upande wa taya linalotembea, ili nguvu ibebwe na taya lisilotembea. Ukivuta kinyume, taya linafunguka na kumenya. Utaona washa nyeusi mwishoni mwa shina, badilisha na ya nusu inchi. Kabla ya kurudisha, ingiza kidole ndani uguse kiti. Kikiwa laini, sawa. Kikiwa na mkwaruzo au shimo, washa mpya itadumu wiki chache tu. Kuna kifaa cha kusaga kiti, kina mpini na meno chini, zungusha mara tatu au nne kwa mkono mwepesi, suuza unga wa shaba.

Ya robo: toa moyo uende nao dukani mkononi. Meno ya juu ya shina huwa 20 au 24, na kwa macho hutaona tofauti, lakini mpini hautaingia.

Tepu nyeupe ya mabomba: izungushe kufuata njia ya kukaza, ukitazama mdomo wa nyuzi unakwenda kulia. Tepu nyembamba za kawaida zinataka mizunguko 10 hivi. Ukizungusha kinyume, inajikunja na kutoka unapokaza. Mpira wa sinki wenye washa ndani ya nati hauhitaji tepu kabisa. Kaza kwa mkono hadi mwisho, kisha robo hadi nusu mzunguko kwa spana. Ukizidisha, unabana washa hadi inachanika, na itaanza kuvuja usiku. Nyuzi za plastiki kaza pungufu ya hapo, zinapasuka.

Koki kuu ya aina ya geti (gate valve) iliyokaa miaka bila kuguswa inaganda. Kila miezi mitatu ifunge na kuifungua, na ukiifungua hadi mwisho rudisha nusu mzunguko.

#12 Jirani Mpya

Mlango wa mninga unagoma kufunga msimu wa mvua. Ninunue randa?

#13 Nyota Nne

Subiri kwanza. Funga mlango polepole utazame mwanya wa juu. Ukiwa mwembamba upande wa bawaba na mpana upande wa kitasa, bawaba ya juu imelegea na mlango umening'inia. Randa hapo haisaidii. Toa skrubu, jaza tundu vijiti vya mbao vilivyopakwa gundi ya mbao, acha usiku kucha, kata vilingane, rudisha skrubu. Au tumia skrubu ya inchi 3 moja kwenye kila bawaba, ipite fremu ifike ukutani kwa plagi.

Ikiwa mwanya ni sawa kila mahali na mlango bado unasugua, mbao imevimba. Paka chaki ukingoni, funga, fungua, uone panapofutika, randa hapo tu, mm 1 kwa wakati. Ukiranda sana wakati wa masika, kiangazi utaona mwanga wa nje. Kisha paka rangi au vanishi ukingo uliorandwa, na usisahau ukingo wa juu na wa chini wa mlango. Mafundi wengi hawaupaki, na ndimo unyevu unamoingilia.

Patasi moja ya mm 25 na nyingine ya mm 12 zinatosha kwa bawaba na vitasa. Zinolewe kwa jiwe, pembe ya nyuzi 25 hadi 30, na usitumie patasi kufungulia kopo la rangi.

#14 Kisauni Mkongwe

Kwa sisi wa pwani, chumvi ya bahari inakula chuma hata kikiwa ndani ya sanduku. Sanduku la plastiki lililofungwa ndilo baya zaidi, jasho linabaki ndani. Futa kila kifaa kwa kitambaa chenye mafuta mepesi ya mashine, kiviringishe ndani ya kitambaa hicho, weka kwenye sanduku la mbao au la bati lenye matundu. Yale ya bati yanayoundwa na mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, yanafaa sana. Spana itie tone la mafuta kwenye ile skrubu ya kuzungushia. Na msimu wa kaskazi angalia misumari ya mabati, maana ndiyo inaanza kutu kabla ya bati.

#15 Fundi wa Goba

Hapo kwenye bati niongeze. Linalovuja mara nyingi limevuja kwenye msumari ulioinuka. Ukiugonga tena, hauna mbao mpya ya kushika, utainuka tena. Utoe kwa kucha za nyundo, ukiweka kipande cha mbao chini ya kichwa usibonyeze mgongo wa bati, kisha weka skrubu ya bati ndefu kidogo, nene kuliko msumari, yenye washa ya mpira, juu ya mgongo wa wimbi. Kichwa chake huwa cha pembe sita cha mm 8. Kaza hadi mpira uanze kutanuka pembeni, basi. Kanyaga kwenye mstari wa misumari tu, ambako chini yake kuna mbao, na usipande bati likiwa na umande. Ngazi: ukipanda mita 4, mguu wa ngazi uwe mita 1 kutoka ukutani. Ya alumini isisogee upande unakoingia waya wa TANESCO.

#16 MamaWatatu_Kibaha

Na sinki na choo vikiziba? Hiyo ndiyo inayotokea mara nyingi kuliko vyote mlivyotaja.

#17 Washa Nusu

Kweli dada, tulitakiwa tuanze nayo. Pampu za mpira ziwe mbili tofauti, ya sinki na ya choo, kwa usafi na kwa umbo. Ya sinki ni kikombe tu. Ya choo cha kukaa ina shingo ya ziada inayoingia kwenye tundu.

Inashindwa kwa sababu mbili. Maji hayafuniki kikombe, hivyo unasukuma hewa, na hewa inabanwa bila kusukuma kitu. Ongeza maji hadi yafunike. Ya pili, beseni lina tundu dogo la juu la kuzuia kufurika, na shinikizo lote linatokea humo. Lizibe kwa kitambaa kilicholowa, na kama sinki ni la vyumba viwili ziba tundu la pili. Gandamiza taratibu mara ya kwanza kutoa hewa, kisha sukuma na vuta mara 15 hadi 20 kwa kasi. Kuvuta ndiko kunakotoa uchafu.

Ikishindikana, weka ndoo chini, fungua lile bomba lililopinda chini ya sinki kwa mkono, uchafu mwingi umekaa hapo. Ukilirudisha hakikisha washa yake ya mpira imekaa upande wake mwembamba ukielekea kwenye bomba inakoingia.

Kama vinaziba vyote kwa pamoja, tatizo liko kwenye chemba nje. Fungua mfuniko kwa ndoano ya nondo ya mm 10, simama kando, usiinamishe kichwa ndani. Chemba ikiwa imejaa maji, kizuizi kiko mbele yake kuelekea shimo. Ikiwa kavu, kiko kati yake na nyumba. Tumia fito za kuzibulia za kuunganishwa, na ukizizungusha zungusha kulia tu. Ukizungusha kushoto zinafunguka na kipande kinabaki ndani ya bomba. Ndani ya shimo la maji taka hakuna mtu anayeingia, hata kwa dakika moja. Hewa yake inaua.

#18 Jirani Mpya

La mwisho, msumeno wa chuma. Wembe unakatika kila nikikata bomba.

#19 Fundi wa Goba

Tazama meno yanaelekea wapi. Yaelekee mbele, mbali na mpini, kwa sababu kazi inafanyika ukisukuma. Kaza nati ya fremu hadi wembe utoe mlio ukiugonga kwa kidole. Ukilegea unajipinda na kukatika. Kwa bomba la chuma na plastiki chukua wembe wa inchi 12 wenye meno 24 kwa inchi, kwa bati na mirija myembamba meno 32. Muhimu meno mawili au matatu yawe yamegusa unene wa chuma wakati wote, vinginevyo jino moja linanasa ukingoni na kung'oka, na yanayofuata yanang'oka nalo.

Bomba la chuma usilikate moja kwa moja hadi chini. Kata hadi ndani, lizungushe kidogo kuelekea mbele, endelea pale ulipoishia. Tumia urefu wote wa wembe, mapigo 50 hivi kwa dakika, ukipunguza uzito unaporudisha. Wembe ukikatika katikati ya kazi usiingize mpya kwenye mkato uleule. Mkato wa zamani ni mwembamba kuliko meno mapya, utabana na kukatika tena. Geuza bomba, anza upande wa pili.